Mama Aliyewaimbisha Watoto wa Chicago

Tarehe 9 ya mwezi wa kumi na moja, mwaka 2024, mjini Chicago katika Marekani, alifariki mama mmoja aliyekuwa ametimiza miaka 100 na miezi mitatu. Jina lake Ella Jenkins. Hakuwa mtawala wala tajiri, na huku kwetu ni wachache waliopata kusikia habari zake. Kazi yake ilikuwa kutunga nyimbo fupi na kuziimba pamoja na watoto wadogo: katika nyumba za masomo, katika maktaba, katika bustani za mji, popote alipoitwa. Kazi hiyo aliishika kwa miaka zaidi ya 60. Wasomaji wapenzi, mtatuuliza, je, mwimbaji wa watoto naye ana historia? Anayo, na tena ndani yake mtakuta kitu ambacho zamani kilitoka Afrika.

Ella alizaliwa tarehe 6 ya mwezi wa nane, mwaka 1924, katika mji wa St. Louis. Angali mdogo, jamaa yake walihamia Chicago, wakakaa upande wa kusini wa mji, palipojaa watu weusi. Nyakati zile watu weusi walikuwa wakihama kwa wingi kutoka majimbo ya kusini ya Marekani. Tangu mwaka 1916 hivi mpaka mwaka 1970, karibu watu 6,000,000 waliacha mashamba ya pamba, wakikimbia umaskini na mateso, wakatafuta kazi katika viwanda vya kaskazini. Katika mizigo yao haikuwamo mali nyingi. Nyimbo zilikuwamo.

Nyumbani kwa Ella hapakuwa na mwalimu wa muziki, wala yeye mwenyewe hakupata kusomeshwa muziki. Alikuwa na mjomba, jina lake Floyd Johnson, ambaye wote walimwita Uncle Flood. Mzee huyo alijua sana kupuliza kinanda cha mdomo, na mtoto alikaa karibu naye akisikiliza. Alijifunza pia kupiga mluzi, hata akasifiwa kwa huo. Tena jamaa yake walihama mara nyingi kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile, na kila mtaa ulikuwa na michezo yake. Wasichana waliruka kamba wakiimba. Wawili wawili walisimama wakitazamana, wakapigana viganja kwa haraka, mmoja akitaja neno na mwenzake akijibu. Alipofika katika jumba la michezo alimwona Cab Calloway, mwimbaji mashuhuri wa wakati ule, akitupa maneno kwa umati na umati mzima ukimrudishia. Hayo yote Ella aliyaweka moyoni. Ndiyo yaliyokuwa masomo yake ya muziki, na hakupata mengine.

Hapa turudi nyuma kidogo, kwa sababu michezo ile ya viganja ina mzizi mrefu.

Watu waliokamatwa Afrika na kuuzwa ng'ambo ya Atlantiki walikuwa wamezoea kuimba kama tunavyoimba sisi mpaka leo: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Wapiga makasia hufanya hivyo, walimaji hufanya hivyo, na waombolezaji vilevile. Huko utumwani waliendelea hivyo, na pamoja na sauti walikuwa na ngoma. Sasa, mwaka 1739, karibu na mto Stono katika Carolina Kusini, watumwa waliasi. Walishika njia wakipiga ngoma na kupaza sauti za uhuru. Wanahistoria wengi huona kwamba kati ya waasi wale walikuwamo watu wa ufalme wa Kongo, yaani watu wa nchi ambayo mfalme wake Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491. Kwa hiyo yafaa tukumbuke kwamba baadhi ya watumwa wale walikuwa Wakatoliki, walionunuliwa na wakristu wengine na kutumikishwa kama ng'ombe. Uasi ulizimwa kwa damu. Mwaka 1740 watawala walitoa sheria kali, na kati ya mambo iliyoyakataza ilikuwa kupiga ngoma na pembe, kwa maana waliogopa kwamba watumwa wataitana kwa milio yake.

Basi ngoma zilinyamazishwa. Lakini nani awezaye kumnyang'anya mtu viganja vyake? Watumwa walipiga makofi, wakapiga mapaja, wakapiga kifua, wakakanyaga sakafu kwa visigino. Mdundo ulihamia mwilini. Ukapita kwa mama na kwa binti, kutoka shamba hadi shamba, mpaka wasichana wa Chicago wakaupiga mbele ya milango ya nyumba zao, wasijue kabisa kwamba zamani jambo hilo lilizaliwa na marufuku. Ella alilelewa katikati ya mdundo huo.

Alipokuwa mtu mzima alikwenda San Francisco, akasoma elimu ya maisha ya jamii, akapata shahada mwaka 1951. Huko alikaa na watu wa makabila mengi, akajifunza nyimbo za Wayahudi na nyimbo za watu wasemao Kispania, akajitolea kuchezesha watoto. Baadaye alirudi Chicago, na mwaka 1952 akapata kazi katika chama cha wasichana kiitwacho YWCA, ya kuangalia vijana. Alichukua ngoma zake, akawaimbisha. Mwaka 1956 aliitwa katika televisheni ya mji ule, akapewa kipindi cha watoto. Mwaka huohuo aliacha kazi ya mshahara ili aishi kwa kuimba na watoto tu. Wengi wangeiita kazi hiyo mchezo, na sisi wenyewe tusingemshauri ndugu yetu aache mshahara kwa ajili yake. Lakini yeye alikwenda kwa Moses Asch, mwenye kampuni ya santuri ya Folkways huko New York, akamsikilizisha nyimbo zake chache. Asch akakubali. Mwaka 1957 ilitoka santuri yake ya kwanza, na tangu hapo zilifuata nyingine nyingi, karibu 40.

Nyimbo zake zilikuwaje? Mtu anayezisikia mara ya kwanza aweza kuzidharau. Ni fupi, maneno yake ni machache, na yanarudiwarudiwa. Mwimbishaji anatoa kipande kifupi, watoto wanakirudisha. Anakitoa tena kwa sauti ya chini, wanakirudisha kwa sauti ya chini. Anaharakisha, wanaharakisha. Ghafula ananyamaza, na mtoto asiyesikiliza anabaki akipayuka peke yake, wenzake wakicheka. Hapana haja ya kufundisha wimbo siku nzima kabla ya kuuimba, maana mtoto asiyeujua ameujua tayari katika mstari wa pili. Lakini jambo kubwa lilikuja baadaye: alimpisha mtoto. Mtoto alitoa neno lake au alibuni mdundo wake, na sasa mama mzima na watoto wote walimwitikia yeye.

Hapo tutasema habari yetu wenyewe, ingawa haitupi sifa. Tulipotoka seminari na kupewa watoto wa katekismu, tuliwafundisha kwa sauti moja. Tuliuliza, nao walijibu wote pamoja, na kelele yao ilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Tulifurahi sana. Siku moja Padri alikuja kuwapima, akamsimamisha msichana mdogo peke yake, akamwuliza swali rahisi. Msichana alifungua kinywa, akangoja, kisha akatoa neno la mwisho tu la jibu. Akaitwa wa pili: vilevile. Kumbe mwaka mzima wakubwa wawili watatu ndio waliojibu, na wengine wote walidakia mwisho wa kila sentensi. Tulikuwa na waitikiaji 50, lakini hatukuwa tumempa hata mmoja nafasi ya kuanzisha. Tuliposoma habari za mama huyu wa Chicago tuliona wapi tulipokosea, na aibu ya siku ile ilitujia tena.

Miaka ya mwanzo ya 1960 Ella alizunguka nchi yake akiimba katika nyumba za masomo, leo mji huu, kesho mji mwingine. Watoto walimpokea kwa shangwe. Lakini jioni, alipotafuta kitanda na chakula, mara nyingi alikataliwa katika hoteli na katika nyumba za kulia, kwa sababu ya rangi yake. Fikirini kidogo. Asubuhi mtoto wa mji huo ameshika mikono na kuimba pamoja naye. Jioni watu wazima wa mji huohuo wanamfungia mlango. Wengine wangetupa ngoma na kurudi kwao. Yeye kesho yake alikuwa mbele ya watoto wengine tena. Mwaka 1964 aliimba mjini Chicago kwenye mkutano mkubwa wa kudai haki za watu weusi, ambapo Martin Luther King alihutubia, na tarehe 2 ya mwezi wa saba, mwaka huohuo, sheria ya kukataza ubaguzi huo katika hoteli na nyumba za kulia ilitiwa sahihi. Lakini hata kabla ya sheria, nyimbo zake hazikumtukana mtu. Kuna walioona kwamba upole huo ulizidi. Sisi hatuoni hivyo. Mtoto mweupe aliyezoea tangu miaka mitano kumwitikia mama mweusi, naye mama akamwitikia yeye, amejifunza jambo ambalo hotuba haingemwingiza kwa urahisi.

Mwaka 1966 alitoa santuri aliyoiita You'll Sing a Song and I'll Sing a Song, maana yake kwamba wewe utaimba na mimi nitaimba. Jina hilo lina kanuni yake yote. Santuri hiyo iliuzwa miaka na miaka kuliko nyingine zote za Folkways, na mwaka 2007 maktaba kuu ya taifa la Marekani iliiandika kati ya sauti ambazo nchi itazihifadhi daima. Mwaka 2004 alikuwa amepewa tuzo ya Grammy kwa kazi ya maisha yake yote.

Sasa tufike kwenye jambo la nyumbani tulilotaja mwanzoni. Ella alipenda kusafiri, akaimba katika mabara yote saba. Kila alikofika alijifunza maamkio, hesabu na michezo ya watoto, akarudi nayo kama mtu arudivyo na zawadi. Mwaka 1974 alitoa santuri, akaiita Jambo. Katika santuri hiyo watoto wa Marekani walifundishwa kuamkiana kwa Kiswahili na kuhesabu kwa Kiswahili. Wakati ule Kiswahili kilikuwa kimependwa sana na watu weusi wa kule. Tangu mwaka 1966 wengine wao walikuwa na sikukuu yao ya Kwanzaa, ambayo majina yake ni ya Kiswahili. Ni kweli kwamba babu zao wengi walichukuliwa kutoka pande za magharibi, ambako lugha hii haikusemwa. Lakini waliichagua kwa sababu si mali ya kabila moja tu, nasi tunaoishi mbali na pwani tunaielewa vizuri sababu hiyo, maana hata kwetu imefika kwa safari.

Watu wa pwani hucheka kidogo wanaposikia wageni wakisema "jambo" tupu. Wao husema "hujambo", na mwenzao hujibu "sijambo". Wasicheke sana. Huku kwetu Kongo ukikutana na mtoto njiani ukamwambia "Jambo!", atakurudishia "Jambo sana!" kabla hujapita. Mmoja ameanzisha, mwingine ameitikia na kuongeza lake. Nadhani mama Ella hakuhitaji mtu amweleze mengi hapo.

Hakuacha kuimba mpaka uzee. Katika mji wake walikuwako watu wenye mvi waliomwitikia utotoni, nao walileta wana wao, kisha wajukuu wao, wakaketi chini pamoja nao, kwa kuwa katika mikutano yake hapakuwa na watazamaji. Santuri yake ya mwisho ilitoka mwaka 2017, naye ana zaidi ya miaka 90. Ni nyimbo za kambi za watoto. Katika hizo hakuimba peke yake. Aliwaita rafiki zake, na mara nyingi aliwaachia wao waanzishe.