Makaburi Yaliyomo Kreta



Kila alfajiri msururu wa magari ya watalii hutoka Karatu kuelekea lango la Lodoare. Wengi wanakwenda kumwona faru. Wachache hurudi wakijua kwamba ndani ya Kreta ya Ngorongoro kuna makaburi ya kale, na kuna nyumba iliyobomoka.

Makaburi ni ya Wadatoga. Waliishi humo na mifugo yao mpaka karne ya 19, Wamaasai walipowashinda vitani na kuwasukuma kuelekea Eyasi na Hanang. Kreta ikapata wenyewe wapya, lakini makaburi yalibaki. Hadi leo Wadatoga wanapaheshimu kama mahali patakatifu.

Nyumba ni ya Mjerumani. Mwaka 1892 msafiri Oscar Baumann alishuka kreta akawakuta Wamaasai na ng'ombe wao. Haukupita muda mrefu, serikali ya Kijerumani ikampa Adolf Siedentopf shamba humo. Akajenga karibu na Mto Munge, na ndugu yake Friedrich Wilhelm akakaa upande wa Lerai. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa wote wawili.

Waingereza nao wakaja na mipaka yao. Mwaka 1951 waliiingiza Ngorongoro katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mvutano na wafugaji ukawa mkubwa. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai waliweka saini kukubali kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa iwe eneo la watu na wanyama pamoja. Mwaka huohuo Mjerumani Michael Grzimek alifariki katika ajali ya ndege akihesabu wanyama. Alizikwa ukingoni mwa kreta, na baadaye baba yake, Bernhard, akalazwa hapo hapo.

Baada ya Uhuru, serikali yetu iliendelea kupanga upya. Mwaka 1974 familia zilizoishi ndani ya kreta zilihamishwa. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku katika hifadhi. UNESCO iliiandikisha Ngorongoro kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1979 kwa sababu ya maumbile yake. Ilipofika 2010 ndipo utamaduni nao ukatambuliwa.

Kila mtawala aliweka alama yake, na kila mara waliokuwapo ndio waliohama. Majina ya Grzimek na mwanawe yamechongwa kwenye jiwe, na wageni husimama kuyasoma. Majina ya waliolala chini kwenye kreta yamo vichwani mwa wazee, na wazee wetu wanazidi kutuacha.

Kwa hiyo mwaka huu, pamoja na madawati na maji, tunaomba mchango wenu wa kurekodi simulizi za wazee wa Kidatoga, Kimaasai, Kiiraqw na Kihadzabe, kwa lugha zao wenyewe, na kupeleka nakala katika shule zetu. Darasa linaweza kujengwa mwaka ujao. Mzee akishazikwa, hatuna wa kumuuliza.