Bakshishi: Zawadi Iliyogeuzwa Mshahara



  

Baada ya darsa ya wazazi hapa Buyenzi, mjini Bujumbura, mzee mmoja alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alikuwa na dukuduku. Kijana wake yuko Marekani, anahudumu mezani katika mgahawa, na katika simu alimwambia: "Baba, tajiri ananilipa dola 2 na senti 13 kwa saa. Zilizobaki nategemea wateja." Mzee akatuuliza: "Ustadhi, mwanangu anadhulumiwa? Na hizo pesa anazopewa na wateja, ni mshahara, ni zawadi au ni sadaka?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwomba muda, tukaenda kusoma. Tulichokikuta ni historia ndefu kuliko tulivyodhani, na ina mafunzo kwa kila familia, iwe ina mtu ughaibuni au haina. Tumeona tuwashirikishe.

NENO LENYEWE

Neno letu bakshishi asili yake ni Kiajemi, nalo limetokana na kitenzi chenye maana ya kutoa na kusamehe. Limepita kwa Waturuki na Waarabu hadi kufika pwani yetu, na maana yake ni kitu anachopewa mtu kwa hiari juu ya haki yake.

Mataifa mengine yamelihusisha jambo hili na kinywaji. Wafaransa husema "pourboire", yaani cha kunywea, na Wajerumani nao wana neno la maana hiyo hiyo. Ndugu zetu wa Kongo husema matabishi, neno lililotokana na Kireno na ambalo kwa asili ni "kuua mdudu", yaani kile kinywaji cha asubuhi cha kutuliza tumbo. Sisi tunasema "chukua hii ya chai" au "ya soda". Na katika Kirundi na Kinyarwanda kuna neno zuri zaidi: agahimbazamusyi, yaani kidogo kinachomfurahisha anayesaga. Anayesaga kachoka na jiwe, basi apewe kitu kitakachomfurahisha moyo.

Tazameni hekima ya neno hilo. Msagaji ana ujira wake. Agahimbazamusyi huja juu ya ujira, hakiwi badala yake. Historia yote tutakayoisimulia imesimama juu ya tofauti hiyo.

ZAWADI INAPOGEUKA DENI

Zawadi ikirudiwa mara nyingi, mpokeaji huanza kuihesabu kuwa ni haki. Katika dola ya Uthmaniya, kila Sultani mpya alipokalia kiti aliwapa askari wa Janisari bakshishi ya kutawazwa. Ilianza kama ukarimu, ikawa desturi, kisha ikawa sharti. Mwaka 1566, Sultani Selim wa Pili alipochukua nafasi ya baba yake Suleiman, askari hao walifanya fujo mpaka wakapewa.

Uingereza nako, katika karne ya 18, mgeni aliyealikwa chakula kwenye nyumba ya mkubwa alikuta wakati wa kuondoka watumishi wamejipanga mlangoni wakisubiri fedha. Huyu kashika kofia, yule kashika fimbo, na kila mmoja alitaka chake. Asiyetoa, safari nyingine angehudumiwa vibaya. Mwandishi Jonas Hanway aliandika kuipinga desturi hiyo katika miaka ya 1760, na mabwana wengine walipojaribu kuiondoa, watumishi wa London walifanya ghasia mwaka 1764.

Lakini tuwe waadilifu. Watumishi wale wengi walikuwa na mshahara mdogo, na mabwana waliutegemea mfuko wa mgeni kuujazia. Tulisikitike kero ya mgeni, lakini tusilisahau tumbo la mtumishi.

MAREKANI BAADA YA UTUMWA

Sasa tufike kwenye swali la mzee wetu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilimalizika mwaka 1865, na mwaka huo huo utumwa ukapigwa marufuku kwa katiba. Watu karibu milioni 4 walikuwa huru, ila bila ardhi, bila mtaji, na wengi bila kusoma. Wakati huo huo Wamarekani matajiri waliokuwa wakisafiri Ulaya walirudi na desturi ya kutoa bakshishi. Mambo hayo mawili yakakutana, na ubaya ukazaliwa hapo.

Mwaka 1867 mfanyabiashara George Pullman alianzisha kampuni ya mabehewa ya kulala, yaani mabehewa ya treni yenye vitanda na starehe. Kuwa wapagazi wa mabehewa hayo aliajiri wanaume weusi, wengi wao waliokuwa watumwa jana yake. Wao walitandika vitanda, wakabeba mizigo, wakang'arisha viatu vya abiria usiku abiria wakiwa wamelala. Mshahara ulikuwa mdogo makusudi, kwa hoja kwamba abiria watatoa. Na katika mshahara huo huo mpagazi alijinunulia chakula chake na hata dawa ya kung'arishia viatu vya watu.

Abiria wengi waliwaita wote kwa jina moja, "George", yaani jina la tajiri, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Mtu mzima, baba wa watoto, anaitwa kwa jina lisilo lake, naye inabidi atabasamu, kwa sababu asipotabasamu hapati kitu, na asipopata kitu watoto hawali.

Mwaka 1915 tume ya serikali ilichunguza hali za wafanyakazi na ikaigusa kampuni hiyo. Mshahara wa mpagazi ulitajwa kuwa dola 27 na senti 50 kwa mwezi. Na miongoni mwa waliohojiwa alikuwa Robert Todd Lincoln, kiongozi wa bodi ya kampuni. Huyu ni mtoto wa Rais Abraham Lincoln, yule yule aliyetoa tangazo la kuwaachia huru watumwa mwaka 1863. Baba alitangaza uhuru, na kampuni aliyoiongoza mwana ikawaacha watoto wa walioachiwa huru waishi kwa kunyoosha mkono. Subhanallah, hili ni la kuzingatiwa.

WALIOJARIBU KUZUIA, NA WALIOSHINDA

Msidhani Wamarekani wote waliridhika. Wengi waliona kwamba bakshishi inampandisha mmoja kuwa bwana na kumshusha mwingine kuwa mtwana. Mwaka 1909 jimbo la Washington lilipitisha sheria ya kuipiga marufuku, na majimbo mengine kama Mississippi, Arkansas, Iowa, Tennessee na South Carolina yakafuata. Hata hivyo sheria hizo hazikudumu. Hadi kufikia mwaka 1926 zote zilikuwa zimefutwa. Funzo lake ni wazi: walikataza mkono unaotoa, lakini hawakumlazimisha tajiri kulipa. Ukimnyima mpagazi bakshishi wala usimwongezee mshahara, hujamheshimu, umemlaza njaa.

Waliofaulu ni wapagazi wenyewe. Mwezi Agosti 1925, katika mtaa wa Harlem mjini New York, walianzisha chama chao wakiongozwa na A. Philip Randolph. Walidai mshahara wa kutosha ili wasiishi kwa kubahatisha, na walidai waitwe kwa majina yao. Kampuni iliwafukuza wengi na kuwatisha wengine. Walivumilia miaka 12. Mwezi Agosti 1937 wakatia saini mkataba ulioongeza mishahara na kupunguza kazi kutoka saa karibu 400 kwa mwezi hadi 240.

DOLA 2 NA SENTI 13

Mwaka uliofuata, 1938, Marekani iliweka kwa mara ya kwanza kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima, senti 25 kwa saa. Lakini wahudumu wengi wa migahawa na hoteli hawakuingizwa. Waliingizwa mwaka 1966, tena kwa mlango wa nyuma: tajiri aliruhusiwa kuihesabu bakshishi ya mteja kuwa ni sehemu ya mshahara anaotakiwa yeye kulipa.

Hapo ndipo zawadi ilipogeuzwa mshahara kwa nguvu ya sheria. Tangu mwaka 1991 sehemu anayolazimika kulipa tajiri kwa sheria ya nchi nzima imebaki pale pale: dola 2.13 kwa saa. Kima cha chini cha kawaida ni dola 7.25 tangu mwaka 2009. Dola 5.12 zinazobaki hutarajiwa kutoka mfukoni mwa mteja, na zisipotimia sheria inamtaka tajiri azijazie. Majimbo 7, yakiwemo California na Washington, hayaruhusu punguzo hili. Mhudumu huko hulipwa kima kamili, na bakshishi ni juu yake.

Kwa hiyo tulimjibu mzee wetu hivi: kijana wako halipwi kinyume cha sheria ya huko, lakini sheria yenyewe ina ila. Anachopewa mezani si sadaka, na wala asione haya kukipokea. Ni jasho lake, isipokuwa limelipwa kwa mkono wa mtu mwingine.

Nchi nyingine zimechagua njia nyingine. Ufaransa, tangu mwaka 1987, bei iliyoandikwa lazima iwe imejumuisha huduma, na unachoacha mezani ni hiari yako. Uingereza, sheria iliyopitishwa mwaka 2023 na kuanza kazi Oktoba 2024 inamtaka mwajiri awafikishie wafanyakazi bakshishi yote bila kuimega. Na Japani kutoa bakshishi si desturi, unaweza hata kurudishiwa.

NA SISI JE?

Tusije tukawacheka Wamarekani. Mwenye mgahawa mmoja tunayemfahamu alitwambia kwa furaha: "Vijana wangu siwalipi sana, wateja watawapa." Ni hoja ile ile ya mwaka 1867, hapa kwetu, tena kwa mtu anayeswali nasi safu moja. Na sisi wenyewe tunakiri kwamba kwa miaka mingi tuliinuka mezani bila hata kusema ahsante, tukijiambia kwamba huyu analipwa.

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Tumefundishwa tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hilo ni la mwajiri, na halimwondokei kwa kuwa mteja ni mkarimu. Kisha tumefundishwa kwamba mtumishi akikuletea chakula, umkalishe ule naye, na usipomkalisha basi umpe japo tonge moja au mbili, kwani yeye ndiye aliyevumilia joto la moto wake. Hilo ni la anayehudumiwa. Haki ya kwanza ni ujira, na ihsani huja baada yake.

Kutokana na hayo tunawausia adabu zifuatazo:

1. Jua desturi ya mahali. Marekani, asilimia 15 hadi 20 ya hesabu ni ya kawaida kwa anayekuhudumia mezani. Usiende kula huko kama fungu hilo huna, kwa maana unakula ujira wa mtu. Soma risiti pia, huenda huduma imeshahesabiwa.

2. Toa kimya kimya. Usimrushie mtu noti, wala usimsimange. Sura ya al-Baqarah, aya ya 264, inatuonya kwamba masimango na udhia hubatilisha sadaka. Basi vipi kwa kile ambacho mwenzio amekitolea jasho?

3. Muulize jina lake, umwite kwalo. Wapagazi walipigania hili miaka 12, kwako halina gharama.

4. Usimpe mwenye mamlaka. Mtume (SAW) alikasirika pale mkusanyaji zaka, Ibn al-Lutbiyya, alipotenga mali na kusema hii nimezawadiwa. Alihoji kama angeletewa zawadi hizo lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Jirani zetu wa Tanzania waliruhusu "takrima" za uchaguzi kwa sheria ya mwaka 2000, na Mahakama Kuu ikaibatilisha mwaka 2006. Bakshishi hutolewa baada ya huduma, kwa asiye na uwezo wa kukunyima haki yako. Kinyume cha hapo ni rushwa.

5. Ewe mwajiri, lipa kwanza. Bakshishi ya mhudumu usiimege, wala usiihesabu katika mshahara wake. Na hili ni pamoja na binti anayetusaidia kazi nyumbani: nguo kuukuu na chakula kilichobaki si mshahara.

Yule mzee alipoondoka alisema neno ambalo hatujalisahau: "Basi nami nikienda mgahawani, nitamtazama yule kijana kama mwanangu." Tunadhani hilo linatosha kuwa muhtasari wa makala yote.

Tunamuomba Allah atujaalie tuwe wenye kutimiza haki za watu kabla ya kujisifu kwa ukarimu, na awape riziki ya halali vijana wetu wote walio mbali na nyumbani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.