Ajali Ina Saa, Maradhi Hayana: Historia ya Fidia ya Mfanyakazi Anayeugua kwa Sababu ya Kazi

Katika mashamba ya miti ya Olmotonyi, chini ya Mlima Meru, mti ukimwangukia mkataji kila mtu anajua kilichotokea. Saa inajulikana, mashahidi wapo, na mti wenyewe umelala pale pale. Lakini mtu aliyeshika msumeno wa injini miaka kumi na mitano, kisha siku moja akagundua kwamba hasikii mwanawe anapomwita, huyo atamwita nani shahidi? Na kibarua wa kitalu aliyebeba bomba la dawa mgongoni, leo mkono unatetemeka na kifua kinambana, ataonyesha saa gani aliyoumia?

Katika swali hilo limejificha jambo kubwa la historia ya wafanyakazi. Kada anayefikiri kwamba haki ya fidia huanza na kuishia katika kifungu cha sheria hajaielewa. Tunakusudia kuonyesha kwamba sheria za fidia zilizaliwa kwa ajili ya ajali. Kwamba maradhi yaliingizwa baadaye, kwa shida na kwa kipimo kidogo. Na kwamba hata leo, sheria ikiwa imeboreshwa, mfanyakazi mgonjwa hushindwa kwa kukosa ushahidi ambao hakupewa nafasi ya kuutunza.

Tuanze na mwanzo. Mwaka 1700 tabibu wa Kitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya maradhi ya watu wa kazi mbalimbali, akawahimiza matabibu wamwulize mgonjwa swali moja zaidi: unafanya kazi gani? Swali hilo halikuwa na gharama, lakini wenye mali hawakulipenda, kwa maana jibu lake lingemtaja mwajiri. Karibu miaka mia mbili ikapita kabla dola za Ulaya hazijaanza kulipa. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884. Bismarck hakuitunga kwa mapenzi kwa wafanyakazi. Alitaka kuwavuta wasifuate chama cha kisoshalisti kilichokuwa kikikua. Mwaka uliofuata dola hiyo hiyo ikatangaza himaya yake juu ya nchi yetu, na wapagazi na vibarua wa huku hawakupata hata kivuli cha sheria ile. Mfanyakazi wa nyumbani alilindwa kwa sababu alikuwa amejipanga. Wa koloni hakulindwa, kwa sababu kwake ilitosha kiboko.

Uingereza ilifuata mwaka 1897, nayo ilianza na ajali tu. Mwaka 1906 ndipo maradhi sita yalipoongezwa: kimeta, minyoo ya safura, na sumu za risasi, zebaki, fosforasi na zarniki. Tuitazame vizuri orodha hii, kwani ndani yake mna mbinu ya kisheria yenye maana kubwa. Maradhi yakiwa katika jedwali, na mtu akiwa alifanya kazi iliyotajwa mbele yake, sheria huchukulia kwamba kazi ndiyo iliyomwuguza, na mwajiri ndiye atakayehangaika kuthibitisha vinginevyo. Maradhi yakiwa nje ya jedwali, mzigo wote humwangukia mgonjwa. Kwa hiyo ugomvi juu ya jedwali ni ugomvi wa kitabaka: ni nani atakayebeba mzigo wa kuthibitisha? Mwaka 1925 Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha mkataba wake wa kwanza juu ya fidia ya maradhi ya kazi, jedwali lilikuwa na mambo matatu tu: risasi, zebaki na kimeta. Vumbi la mawe, lililokuwa likiua wachimbaji kwa maelfu, liliingia mwaka 1934.

Tanganyika ilipata sheria yake ya fidia, Sura ya 263, mwaka 1949, na mwaka 1953 ikafuata sheria ya kutoa taarifa za ajali na maradhi ya kazini. Mpango ulikuwa kwamba kila mwajiri anawajibika peke yake kwa watu wake. Ubaya wake ni dhahiri. Yule anayetakiwa kutoa taarifa ndiye yule yule atakayelipa kutokana na taarifa hiyo. Basi ajali, ambayo haifichiki, iliandikwa. Maradhi, ambayo hufichika hata kwa mgonjwa mwenyewe, hayakuandikwa. Na manamba wa mashamba ya mkonge alikuja kwa mkataba, akarudi kwao mkataba ulipokwisha. Aliyeanza kukohoa alikohoa kijijini, mbali na daftari la shamba.

Mfano mkali zaidi ni wa ndugu zetu wa nyanda za kusini waliochukuliwa na Wenela kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Vumbi la mawe yale huingia mapafuni, huacha makovu, na makovu huendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi. Tena hufungua mlango kwa kifua kikuu. Afrika Kusini ilikuwa na sheria ya fidia ya maradhi hayo tangu mwaka 1911, lakini malipo yalipangwa kwa rangi ya ngozi. Nchi yetu ilisitisha uandikishaji wa Wenela mara baada ya Uhuru, na ilifanya vema. Makovu lakini hayakusitishwa.

Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua, katika shauri la mchimbaji Thembekile Mankayi, kwamba mchimbaji aliyepewa fidia ndogo ya kisheria anaweza bado kumshtaki mwajiri wake. Yeye alikuwa amelipwa randi 16,320 kwa mapafu yake, na alifariki siku chache kabla ya hukumu. Njia hiyo ilizaa maafikiano ya kampuni za dhahabu, ambayo mahakama iliyaidhinisha mwaka 2019, ya kiasi cha randi bilioni 5. Lakini yanawahusu waliofanya kazi kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Mzee wa Rungwe au Songea aliyerudi wakati wa Uhuru amebaki nje ya mlango. Haki ilipofika ilikuwa imechelewa kwa kizazi kizima.

Je, sisi wenyewe tulifanya nini? Hapa ni lazima tujikosoe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliziweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, na Mwongozo wa mwaka 1971 ukakemea ubwanyenye wa viongozi mahali pa kazi. Hata hivyo sheria ya fidia ya mkoloni tuliiacha isimame. Mashine ilibadili mwenyewe, vumbi lake halikubadilika. Mwaka 1978 ulichapishwa uchunguzi wa kitabibu juu ya wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania, ukaonyesha maradhi ya kifua yatokanayo na vumbi, hasa kwa wale wa kupiga brashi singa. Maarifa yalikuwapo. Fidia nayo iligandishwa kwa tarakimu: hata karne hii ilipoingia, kiwango cha juu kilikuwa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na shilingi 83,000 kwa kifo. Mfumuko wa bei uliyafanya malipo hayo kuwa mzaha juu ya jeneza.

Turudi Olmotonyi. Hapa pana Chuo cha Misitu, chenye historia tangu mwaka 1937, ambacho kimewafundisha mabwana misitu wa nchi nzima. Jirani, Ngaramtoni, palijengwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu vya nchi za joto, iliyopewa sheria yake mwaka 1979, na ambayo kazi zake ziliingizwa katika mamlaka mpya kwa sheria ya mwaka 2020. Kwa hiyo katika mteremko mmoja wa Meru wapo wanaoijua sumu na wapo wanaoibeba mgongoni, katika vitalu, kahawa, mboga na maua. Umbali kati yao hauhesabiwi kwa kilomita. Unahesabiwa kwa karatasi ambayo haijaandikwa.

Tufafanue. Dawa nyingi za jamii ya fosfati hupunguza nguvu ya kimeng'enya fulani katika damu, na upungufu huo hupimika. Lakini mtu akipumzika wiki au miezi michache, damu hurudia hali yake na ushahidi unapotea. Uziwi wa msumeno haurudi nyuma, lakini bila kipimo cha masikio cha siku ya kuajiriwa, mwajiri atasema huyu alikuja hivyo. Vumbi la mawe nalo huonekana katika picha baada ya miaka mingi, wakati mgonjwa amekwisha kuhama. Maradhi matatu, kalenda tatu. Na hakuna hata moja inayolingana na kalenda ya kibarua wa msimu, ambaye jina lake limo katika daftari la mnyapara kwa miezi mitatu tu.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008 ilikuwa hatua ya mbele, na Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Waajiri wote huchangia mfuko mmoja: awali asilimia 1 ya mishahara kwa sekta binafsi na 0.5 kwa umma, kisha sekta binafsi nayo ikashushwa hadi 0.5. Mwenye ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hupata pensheni ya kila mwezi badala ya fungu la mkupuo. Malipo hayategemei tena mfuko wa mwajiri mmoja. Hili ni jambo la kujivunia.

Lakini mfuko hulipa kwa ushahidi. Tena hulipa mwajiriwa. Huko Mirerani, ambako vipimo vilivyochapishwa mwaka 2003 vilionyesha vumbi kali wakati wa kuchoronga miamba, wana-Apolo wengi kwa miaka mingi walifanya kazi kwa chakula na ahadi ya mgawo, bila mshahara. Mtu asiye na mshahara mchango wake ni asilimia ngapi ya nini?

Basi kazi ya kada si kuhubiri kwamba sheria ni nzuri. Kazi yake ni kuuliza swali la Ramazzini kila mahali pa kazi, na kudai liandikwe. Mfanyakazi apimwe anapoingia, anapoendelea na anapoondoka. Kila dawa inayopulizwa iandikwe jina lake, tarehe, na majina ya waliopuliza, vibarua wakiwamo. Nakala ya kipimo awe nayo mfanyakazi mwenyewe, isibaki kabatini kwa meneja. Tawi la chama cha wafanyakazi litunze orodha ya waliokwisha kuondoka, kwani ndio watakaougua kesho.

Mti ukianguka msituni kila mtu husikia kishindo. Sumu haina kishindo. Sauti yake ni daftari, na daftari lisipoandikwa leo na wafanyakazi waliojipanga, kesho litaandikwa na mwajiri peke yake.