Nani Analipia Mazoezi?

Endagikot hakuna bolingi. Mbulu mjini pia hakuna, wala Babati, wala Katesh kule chini ya Mlima Hanang. Anayetaka kurusha ule mpira mzito wenye matundu ya vidole itabidi afunge safari ndefu, aende mji mkubwa kama Nairobi, akodi na viatu maalumu vya ukumbini. Kwa hiyo msomaji una haki ya kuuliza: habari za kadi za punguzo wanazopewa wachezaji wa kudumu wa bolingi ili wafanye mazoezi zinatuhusu nini sisi? Zinatuhusu, kwa sababu nyuma ya kadi hizo kuna swali ambalo kila mchezo unalo, nasi tumekuwa tukilijibu kimyakimya miaka yote. Mtu anapokosea mara mia kabla ya kupatia mara moja, makosa yale mia analipa nani?

Tuanze na mchezo wenyewe. Toka mstari wa kurushia mpaka pini ya mbele ni futi 60, yaani mita 18 na kidogo. Pini ni 10, zimepangwa pembetatu. Mpira hauruhusiwi kuzidi ratili 16, kama kilo 7 hivi. Alama za juu kabisa ni 300, na ili uzipate unatakiwa uangushe pini zote kwa mrusho mmoja, mara 12 mfululizo. Lakini kuna jambo ambalo mtazamaji halioni: zile mbao zimepakwa mafuta. Mahali pengine mafuta ni mengi, pengine machache, na kadiri watu wanavyocheza ndivyo yanavyohama. Kwenye mafuta mpira unateleza, pakavu unakamata na kukunja kona. Mchezaji mzuri anasoma kitu kisichoonekana, na kukisoma huko hakufundishiki uani kwako.

Hapo ndipo bolingi inapoachana na michezo yetu. Mpira wa miguu utafunga makaratasi na kamba, utacheza popote. Bao, ukikosa ubao unachimba mashimo chini, unaokota kokoto, na wazee wa kukukosoa watajaa bila kualikwa. Bolingi inataka njia, inataka mafuta, inataka kitu cha kuzisimamisha pini upya kila zinapoanguka. Kila kosa lina bili yake.

Zamani bili hiyo ilikuwa na uso wa mtu. Huko Marekani, nyuma ya pini kulikaa vijana, wengi wao watoto hasa, kazi yao kuokota pini, kuzipanga na kuurudisha mpira. Kazi ya usiku, ya ujira mdogo, na ya kukwepa mbao zinazoruka. Mwaka 1946 kampuni ya AMF ilionyesha mashine ya kupanga pini mjini Buffalo, na mwaka 1952 ikaanza kufanya kazi kwenye kumbi za biashara. Brunswick nao wakaja na ya kwao miaka michache baadaye. Vijana wakaenda zao. Mashine haichoki wala haihitaji kulala, ila ina tabia moja mbaya: imegharimu fedha nyingi na inataka kurudisha fedha hizo hata saa nane mchana siku ya Jumanne, wakati ukumbini hakuna mtu zaidi ya mfagiaji.

Sasa kadi ya punguzo inaeleweka. Jioni ukumbi umejaa, ligi zinacheza. Mchana njia zimelala. Mwenye ukumbi anamwambia mwanaligi: njoo saa hizi, cheza utakavyo kwa bei ya chini, nitakupa kadi. Usidhani ni sadaka. Mchezaji anayefanya mazoezi anapanda kiwango, na anayepanda kiwango haachi ligi.

Na ligi ndiyo roho ya biashara. Mwanazuoni Robert Putnam alilieleza hili vizuri katika makala yake ya mwaka 1995, ambayo baadaye ikawa kitabu, *Bowling Alone*, mwaka 2000. Alionyesha kwamba kati ya 1980 na 1993 idadi ya Wamarekani wanaocheza bolingi iliongezeka kwa asilimia 10, huku uchezaji wa kwenye ligi ukianguka kwa asilimia 40. Watu wengi wamemnukuu kuhusu upweke wa Wamarekani, na ni sawa. Mimi kilichonivutia ni maelezo yake ya dukani: mwanaligi hunywa bia na kula piza mara tatu zaidi ya anayecheza peke yake, na faida ya ukumbi iko kwenye bia na piza, mipira na viatu ni kisingizio tu. Ukishalijua hilo, kadi ya mazoezi unaiona kwa jicho jingine kabisa.

Lakini punguzo la mwanachama lina mlango, na mlango una bawabu. Shirikisho la bolingi la Marekani, American Bowling Congress, liliundwa New York mwaka 1895. Mwaka 1916 likaandika kwenye kanuni zake kwamba mwanachama ni mwanamume mweupe. Basi. Wachezaji weusi wakaunda chama chao Detroit mwaka 1939. Baada ya vita, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari kikaingia kwenye ugomvi huo, kwa sababu wanachama wake weusi na weupe walisimama pamoja kiwandani mchana kutwa, halafu jioni wakatenganishwa na mpira wa kilo saba. Kanuni ile ilifutwa mwaka 1950. Hesabu mwenyewe: miaka 34. Kwa muda huo wote, habari za bei nafuu kwa wanaligi wa shirikisho zilimhusu mtu wa rangi moja tu.

Na kufutwa kwa kanuni hakukufungua kila mlango. Huko Orangeburg, South Carolina, ukumbi wa All Star Bowling Lane ulikuwa bado unawakataa weusi mwaka 1968. Wanafunzi waliandamana kuupinga. Usiku wa tarehe 8 Februari askari wa doria wa jimbo walifyatua risasi kwenye eneo la chuo chao, wakaua vijana watatu na kujeruhi wengine zaidi ya 20. Watatu wamekufa, na chanzo ni ukumbi wa bolingi. Mtu akikuambia michezo ni burudani tu, mpe tarehe hiyo.

Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, mtoto wa Mbulu, John Stephen Akhwari, alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico City akichechemea, goti limefungwa bandeji, giza limeingia, mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia akiwa amefika zaidi ya saa moja kabla. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Walioanza walikuwa 75. Picha ile imeoneshwa sana kama somo la uvumilivu, hadi watu wanasahau kwamba yule alikuwa mkimbiaji wa kweli, mwenye mazoezi ya kweli: miaka miwili baadaye alishika nafasi ya 5 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh.

Tunapenda kusema wakimbiaji wetu walijifunza bure, barabara ya Mungu, milima ya Mungu. Si kweli. Barabara ni bure, ila muda wa kuikimbia si bure. Anayekimbia kilomita 30 asubuhi hajalima, hajachunga, na jioni atataka kula kuliko ndugu zake. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alitoka upande wa Karatu, enzi hizo ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu. Alikuwa mwanajeshi. Juma Ikangaa, mshindi wa New York mwaka 1989, mwanajeshi. Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025, naye ni wa JWTZ. Kadi ya mazoezi ya Tanzania ilikuwa mshahara wa jeshi. Wale ambao jeshi halikuwachukua hatuwajui majina, na hilo ndilo linaloniuma.

Kitu kinachofanana zaidi na bolingi huku kwetu ni meza ya pool. Nayo inataka sarafu kwa kila gemu, nayo haiigiziki nyumbani. Na kanuni ya vijiwe vingi ni hii: mshindi anabaki mezani, aliyeshindwa ndiye anayetoa hela. Maana yake anayejua tayari anafanya mazoezi bure, anayehitaji kujifunza ndiye anayemlipia. Ni kadi ya mazoezi iliyogeuzwa kichwa chini miguu juu! Sijawahi kusikia mtu akilalamika. Vijana wanaiona ni haki kabisa, na pengine wana hoja, maana hela ya kushindwa nayo ni ada ya shule.

Ila punguzo la mchana ndilo lisiloweza kuingia hapa. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliwakemea hadharani vijana wanaocheza pool saa za kazi wakati wake zao wako shambani. Wengi walimshangilia, na kina mama walikuwa na sababu nzuri kuliko wote. Lakini saa hizo hizo za meza tupu ndizo ambazo mwenye ukumbi wa Detroit angeziuza kwa nusu bei. Mwenye meza wa kwetu anaifunika kwa turubai mpaka saa kumi jioni, kisha anaifunua, na sarafu ni ileile kwa kila mtu.