Kiwanja cha "25 kare": jua hesabu mbele ya kulipa

Karatasi ya kuuzisha inasema: "metre kare 25". Mwenye kuuza anakuambia ni metre 25 kila upande. Wewe unaona ni kitu kimoja tu. Hapana! Kiwanja chenye metre 25 kwa 25 kina metre kare 625. Lakini metre kare 25 ni nafasi ya chumba kimoja cha metre 5 kwa 5. Siku ugomvi utatokea, karatasi njo itasomwa.

Namna ya kupima

Tumia kamba ya kupimia, si hatua za miguu: hatua ya mutu murefu haiko sawa na ya mufupi. Kama pembe zote nne ziko sawa kama pembe za kitabu, zidisha urefu na upana. Metre 20 mara 30 ni metre kare 600.

Kama kiwanja kimepinda, wengi wanajumlisha pande mbili zenye kuangaliana, wanagawa kwa mbili, wanafanya vile tena kwa zile zingine, kisha wanazidisha. Njia hiyo inatoa namba yenye kupita ukubwa wa kweli, na mwenye kununua njo anapoteza. Afazali vuta kamba toka pembe moja mpaka pembe ya kuangaliana nayo, utapata pembetatu mbili. Tuseme kamba hiyo ina metre 40. Toka kwenye kamba mpaka pembe ya kuume, ukipima wima, ni metre 15; mpaka ya kushoto ni 18. Hesabu ni hii: 40 mara 15, gawa kwa 2, ni 300. Halafu 40 mara 18, gawa kwa 2, ni 360. Jumla ni metre kare 660.

Kwenye vilima, kama kule Masisi, Lubero ao Walungu, usilaze kamba juu ya mteremko. Ivute sawa kama maji yenye kutulia, kipande kwa kipande.

Namna ya kubadilisha

- Sentiari 1 = metre kare 1
- Ari 1 = metre kare 100 (10 kwa 10)
- Hekta 1 = ari 100 = metre kare 10 000 (100 kwa 100)
- Kilometre kare 1 = hekta 100
- Eka 1, yenye wanatumia Uganda = karibu metre kare 4 047
- Hekta 1 = karibu eka 2,47

Kwa hiyo shamba la metre 50 kwa 50 si nusu hekta, ni robo. Nusu ni 50 kwa 100. Na mutu wa Aru ao Kasindi akisikia bei ya eka, asifikiri ni hekta: eka haifike hata nusu yake.

Kwenye makaratasi ya serkali, utakuta "0 ha 06 a 25 ca". Ni hekta sifuri, ari 6, sentiari 25: njo kusema metre kare 625.

Kipimo chako hakichukue nafasi ya kazi ya kadastre, yenye inapima na kuweka mawe ya mipaka. Lakini kinakulinda siku ya kununua. Andikeni kwenye karatasi urefu wa kila upande pamoja na metre kare, majirani wakiwa hapo. Kisha njo utoe makuta.