Kipimo kinachonasa homa ya nguruwe kabla ya dalili

HOMA ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka wa 1921, pale daktari wa mifugo Robert Eustace Montgomery alipochapisha ripoti kuhusu nguruwe wa walowezi waliokuwa wakifa kwa wingi. Hadi leo maradhi hayo hayana tiba, na mkurupuko mmoja waweza kufagia zizi zima kwa siku chache. Binadamu haambukizwi.

Ugumu umekuwa kuyatambua mapema. Homa kali, ngozi kuwa nyekundu na vifo vya ghafla huonekana pia katika maradhi mengine ya nguruwe, na kwa macho tu hata daktari mzoefu hawezi kuyatofautisha. Kupima kingamwili nako huchelewa, kwani huanza kuonekana katika damu takriban wiki moja baada ya maambukizi. Wakati huo nguruwe wengi huwa wamekufa au wako taabani.

Kipimo cha PCR hakingoji mwili wa mnyama ujibu. Husaka DNA ya virusi vyenyewe katika damu au bandama. DNA hiyo hupashwa moto hadi nyuzi 95 hivi ili nyuzi zake mbili ziachane, kisha hupozwa na kimeng'enya huunda nakala ya kila mojawapo. Kila mzunguko huongeza nakala maradufu, hivi kwamba mizunguko 30 yaweza kuzaa zaidi ya bilioni moja kutokana na moja tu.

Mwaka wa 2003, watafiti wa Pirbright, Uingereza, walichapisha kipimo cha aina hii kinachojikagua chenyewe. Hilo si jambo dogo: sampuli iliyooza ikizuia kipimo kufanya kazi, maabara hujua, badala ya kutangaza kuwa mnyama ni mzima.

Hata hivyo, wepesi huo wa kunasa una kasoro, kwa kuwa mabaki ya virusi vilivyokufa hunaswa pia. Isitoshe, maabara huwa mbali, na mfugaji anayeona nguruwe mmoja akizubaa hushawishika kuwauza waliosalia upesi, ilhali virusi hudumu ndani ya nyama hata ikigandishwa. Ndipo kikabuniwa kipimo cha LAMP, kinachohitaji joto moja tu la nyuzi 65 hivi na ambacho chaweza kufanywa kwa kifaa kidogo karibu na zizi.