Bunduki ya upepo yenye kulishwa na kisulisuli: inafanya kazi namna gani?

Kila mwenye amekwisha kupeleka mahindi ku mashini ya kusaga ameona ile chombo kubwa ya bati inayosimama juu ya mfuko: pana juu, nyembamba chini. Feni inasukuma unga na upepo pamoja, vinaingia kwa pembeni, si kwa katikati. Juu ya ile njia ya pembeni, upepo unalazimika kuzunguka. Unga ni mzito kuliko upepo, kwa hiyo unatupwa ku ukuta wa bati, unapoteza mbio, unateremka mu mfuko. Upepo wenyewe unatokea juu, katikati.

Sasa kuna mafundi wa nyumbani, zaidi sana Marekani, wenye kuchukua ule mzunguko na kuutumia kinyume. Wanatengeneza bunduki za mchezo zenye kutupa bile ndogo za plastiki za milimetre 6, na hakuna baruti, hakuna moto. Ni upepo uliofinywa tu, sawa ule fundi wa mipira ya gari anaweka mu tanki yake.

Shida ya bunduki ya namna hii si kusukuma bile moja. Hata mtoto anaweza kupuliza bile mu tiyo. Shida ni kuzipanga. Ukimwaga bile mia mu chombo na kuweka tundu moja chini, mbili ao tatu zinafika pamoja ku mlango, zinashikana, hakuna inayopita. Ni sawa watu wenye kutoka ku stade wote kwa mlango mumoja. Bunduki ya kiwanda inamaliza shida hiyo kwa ressort na vyuma vidogo vinavyoleta moja moja. Kisulisuli kinaimaliza bila kipande hata kimoja chenye kutembea.

Namna gani? Upepo unaingizwa kwa pembeni mu chumba cha mviringo chenye bile. Unazunguka, nazo bile zinazunguka pamoja nao. Lakini ule upepo unatafuta kutoka, na njia ya kutokea ni moja tu: tiyo ya bunduki, yenye upana unaopita bile kidogo sana. Kwa hiyo upepo wote unakimbilia pale na kuvuta bile zenye kuwa karibu. Mbili haziwezi kuingia pamoja. Ile yenye haikupata nafasi haibaki imekwama ku mlango, mzunguko unaipiga pembeni na kuirudisha mu duara, mwenzake anapita. Ni kule kusukasuka bila kuacha njo siri yote.

Kwa hiyo hakuna « moja, halafu moja ». Ukifungua upepo, bile zinatoka kama maji ya robine, nyingi sana kwa segonde moja, na zinaacha tu ukifunga upepo ao zikiisha. Bei yake iko mu upepo: tanki inakauka haraka, na kila bile inapata kisehemu kidogo cha nguvu, maana upepo mwingi unapita kando yake. Shabaha nayo ni mbaya. Kwa mtu wa ufundi ni akili nzuri. Kwa mwenye anataka kupiga mbali, ni kupoteza upepo.

Bile ya plastiki inaweza hata hivyo kupofusha jicho. Japani, kwenye mchezo huu wa bile ulianzia mu miaka ya 1970, tangu 2006 sheria inakataza bunduki ya bile za milimetre 6 ipite nguvu ya juli 0,98.

Hatari ingine inakaa mu tanki, na wengi hawaifikirii. Watu wanachukua tiyo za PVC za maji wanazijaza upepo. Maji hayafinyiki, tiyo ikipasuka yanamwagika tu. Upepo uliofinywa unatoka kwa kishindo, na PVC haipanuki, inavunjika vipande vyenye makali. OSHA, shirika la serikali ya Marekani la usalama wa kazi, lilionya juu ya jambo hilo tangu 1988.

Na kuna ya tatu, sura. Marekani, sheria ya 1988 inalazimisha bunduki za kuchezea ziwe na alama ya rangi ya machungwa ku mdomo. Tarehe 22/11/2014, mu mji wa Cleveland, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa mu bustani na bunduki ya bile. Alama ilikuwa imeondolewa. Mtu mwenye aliita polisi alisema labda ni ya mchezo, lakini neno hilo halikufikishwa kwa polisi wenye walitumwa. Segonde mbili hivi kisha gari yao kufika, mmoja alifyatua. Mtoto alikufa kesho yake.

Kule ilikuwa mchana, mu mji usio na vita. Huku kwetu, mwenye kusimama ku bariere saa mbili za usiku hataangalia kama kitu chenye kutokea mu giza kinajazwa baruti ao upepo.